Bolti ya AR-15 inakugomea baada ya kuisafisha? Anzia hapa

Simu ninazopigiwa Jumapili jioni zinafanana. Mtu katoka renji, uwanja wa kupigia shabaha, Jumamosi, kakaa mezani kaifungua AR-15 yake, kasafisha bolti mpaka inang'aa, karudishia, na sasa haiingii, au inaingia ila haifungi, au kaenda nayo tena renji inapiga moja inajam. La kwanza analoniambia ni "kaka, bunduki imekufa". Haijafa. Mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu: oili haipo inapotakiwa, kipini kimewekwa sipo, au magazini, kile kisanduku cha risasi, ni mbovu na wala haihusiani na bolti. Sasa nimeamua kuyaandika yote niliyoyaona kwa jamaa zetu hapa Texas, ambako wengi wetu tunazitumia kuwindia nguruwe pori na kwenda renji, ili mtu ajikague mwenyewe kabla hajapiga simu, na ajue pia ni wapi aache kabisa ampelekee fundi bunduki.

Kabla hujagusa chochote

Toa magazini. Kisha vuta mkono wa kukokia, bolti ibaki nyuma, tazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na halafu ingiza kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa kwamba hamna risasi. Ukianza na bolti kabla ya magazini umejipakilia risasi nyingine mwenyewe bila kujua, mpangilio huo ndio unaoumiza watu. Risasi zote zitoke chumbani, sio zikae pembeni ya meza, zitoke. Vaa miwani maana kuna springi humo ndani zinaruka. Masizi yale yana risasi kwa maana ya madini, lead, ni sumu hasa kwa watoto, kwa hiyo usifanyie kwenye meza ya kulia chakula, fungua dirisha, usile huku unasafisha, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujambeba mtoto.

Majina nitakayotumia: karia ni lile dude kubwa linaloteleza mbele na nyuma. Bolti ni kichwa chenye meno kinachoingia ndani ya karia. Pini ya kugonga ni ile ndefu nyembamba inayopiga praima, yaani kile kiduara kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Kotapini ndiyo inayoizuia pini ya kugonga isitoke nyuma. Pini ya kamu ni ile nene yenye kichwa cha mraba inayoizungusha bolti. Ekstrakta ni ukucha unaoshika ganda na kulivuta, ejekta ni kile kipini chenye springi usoni mwa bolti kinacholisukuma ganda nje. Na kii ya gesi ni kibomba kifupi kilichofungwa juu ya karia kwa skrubu mbili.

Karia haiingii kabisa, inagota

Hii ndiyo inayoongoza na ndiyo nyepesi kuliko zote. Tazama bolti: imezama ndani ya karia? Ikizama, pini ya kamu inakaa vibaya na karia haiwezi kuingia kwenye njia yake, hata uisukume na bega. Ivute bolti mbele mpaka mwisho ndipo uingize. Wengine wanaivuta vizuri halafu wanaishika karia kwa kuibana bolti na kiganja, inarudi ndani bila wao kujua, kwa hiyo shika mwili wa karia sio kichwa.

Kama bolti iko mbele na bado inagota, angalia mkono wa kukokia. Unaingia kwanza, unashuka kwenye nafasi zake mbili ndogo, unasukumwa mbele kidogo tu, ndipo karia inafuata huku kii ya gesi ikikaa ndani ya mfereji wa ule mkono. Ukiusukuma mkono mpaka mwisho kwanza, karia haina pa kupita.

Kama vyote viko sawa na bado, basi pini ya kamu haijageuzwa. Inaingia tunduni, halafu inageuzwa robo mzunguko ili tundu lake lielekeane na njia ya pini ya kugonga. Isipogeuka kwa vidole haijazama mpaka chini, itoe urudie. Usichukue nyundo. Kwenye kuunganisha bolti hii hamna hata hatua moja inayohitaji nyundo.

Kuna kipini kimebaki mezani

Hapa naomba usome taratibu. Ukikuta kilichobaki ni pini ya kamu, na bunduki umeshaifunga, ifungue sasa hivi. Pini hii ndiyo inayoilazimisha bolti izunguke na meno yake yajifunge nyuma ya mtutu kabla ya risasi kupigwa. Ikikosekana, bunduki inaweza kupiga wakati bolti haijajifunga, na presha yote inarudi upande wa uso wako. Kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani kinaonya hivyo hivyo kwamba bila pini ya kamu silaha inaweza kulipuka. Ndio maana mimi natandaza taulo nyeupe na napanga vipande kwa mstari kuanzia kilichotoka kwanza mpaka cha mwisho, narudishia kinyumenyume, na taulo ikiwa tupu ndipo nafunga.

Kilichobaki kikiwa kotapini, pini ya kugonga itarudi nyuma na kujikwamisha kwenye nyundo ya triga. Kotapini inaingia kutokea kushoto na kichwa chake kinazama kabisa ndani ya karia, kisichomoze. Miguu yake miwili usiipanue wala usiibane, watu wanadhani ni kama kotapini ya tairi ya gari ambayo unaikunja, hii haikunjwi. Ukishaiweka, shika karia mkia ukiangalia chini, itikise, gonga kwenye kiganja. Pini ya kugonga isitoke. Ikitoka umeweka sipo.

Unavuta triga, inasikika "klik" na haipigi

Kwanza kabisa usifungue bolti hapo hapo. Elekeza mtutu mahali salama usubiri nusu dakika, wengine wanasubiri dakika nzima na mimi ni mmoja wao, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kuwaka. Halafu toa risasi uangalie praima yake.

Praima haina alama au ina alama hafifu sana? Kama umetoka kuisafisha, sababu ya kwanza ni kotapini imepita mbele ya ile sahani ya pini ya kugonga badala ya nyuma yake, kwa hiyo pini imezuiwa haifiki mbele. Toa, sukuma pini mpaka mwisho, rudisha kotapini. Sababu ya pili ni njia ya pini imejaa oili au masizi. Pini ya kugonga inataka kuwa karibu kavu, ifute tu na kitambaa chenye unyevu wa oili. Jamaa yetu mmoja aliyehamia Minnesota alikuwa anajaza grisi humo ndani, kiangazi inapiga vizuri tu, Desemba ikaanza kugonga kivivu kwa sababu grisi ilikuwa imeganda. Aliposafisha akaacha kavu, shida ikaisha siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo tazama ncha ya pini: iwe mviringo laini, isiwe imekatika wala kuchongoka. Ikisukumwa mpaka mwisho inatakiwa ichomoze usoni mwa bolti kati ya inchi 0.028 na 0.036. Huna kipimo? Fundi anacho na ni kazi ya dakika chache, usikisie kwa macho.

Praima ina alama nzito na haikuwaka, hapo ni risasi yenyewe, jaribu boksi lingine.

Swali linalokuja na hili: "risasi niliyoitoa bila kuipiga ina kialama kidogo katikati, ni kawaida?" Ndiyo. Pini ya AR-15 haina springi ya kuirudisha, bolti ikijifunga pini inagusa praima kidogo kwa mwendo wake. Ila risasi moja usiipakie na kuitoa mara kumi kumi, iweke pembeni uipige renji. Na kama bunduki inapiga yenyewe bolti inapojifunga, au unavuta triga mara moja zinatoka mbili, acha. Usijaribu "mara moja tena nione". Toa magazini, hakikisha chemba iko tupu, peleka kwa fundi mwenye leseni. Mbali na hatari ya kuumiza mtu, bunduki inayotoa zaidi ya moja kwa mvuto mmoja inaweza kukuingiza kwenye kesi nzito ya serikali kuu.

Sauti imekuwa ndogo, "pof", na teke halikuwepo

Acha kupiga. Hii haina ukaguzi wa nyumbani. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Fundi.

Inapiga, lakini haipakii inayofuata, au bolti haibaki nyuma magazini ikiisha

Karia inarudi nyuma nusu njia tu. AR-15 haina pistoni ya nje, gesi inatoka kwenye mtutu, inapita kwenye mrija mwembamba, inaingia kwenye kii ya gesi na kuisukuma karia nyuma. Chochote kinachovujisha gesi hiyo au kinachoibana karia kitaleta dalili hii.

Anza na magazini. Najua umesafisha bolti na akili yako iko kwenye bolti, lakini badilisha magazini kwanza. Mimi zangu nimeziandika namba kwa rangi, na ikijam naandika ni namba ngapi. Ikiwa ni namba 4 kila mara, itupe namba 4.

Magazini zote zinafanya hivyo? Oili. Ukimaliza kusafisha kwa dawa inayoyeyusha masizi, chuma kinabaki kikavu kabisa, na watu wengi wanafunga hapo hapo. Paka kwenye zile njia nne ndefu za karia zilizong'aa kwa kusuguana, mbili chini mbili juu, paka kwenye pini ya kamu, tone kwenye zile ringi za gesi mkiani mwa bolti, na kidogo nyuma ya meno. Karia ina vitundu viwili ubavuni upande wa kulia, ukitia tone moja moja humo oili inafika kwenye ringi hata bila kufungua, na hiyo nafanya katikati ya siku ndefu ya renji. Chemba na mtutu vibaki vikavu. Swali la oili gani linaleta ugomvi kila nikiulizwa, jibu langu ni oili yoyote iliyotengenezwa kwa bunduki, ile ya CLP inayosafisha, kulainisha na kuzuia kutu inatosha kwa mtu wa kawaida. WD-40 sio oili ya kazi hii. Herufi zake zenyewe maana yake ni kufukuza maji, ni nyepesi mno kwa bolti inayopata moto na inakuachia chuma kikavu. Na mafuta ya kupikia, nimeyaona kwa macho yangu, yanageuka gundi.

Halafu ringi. Ziko tatu. Ivute bolti mbele, isimamishe karia juu ya meza ikiwa imesimamia uso wa bolti, iachie. Ikisimama bila kushuka ringi ni nzima. Ikididimia kwa uzito wake yenyewe zimekwisha, na seti mpya ni dola chache tu. Kitabu cha jeshi kinasema mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja, ni sekunde tano kuzizungusha, zizungushe tu.

Halafu kii ya gesi. Ishike kwa vidole ujaribu kuitikisa. Isicheze hata kidogo. Tazama shina lake, ukiona michirizi myeusi ya masizi inatokea chini yake, gesi inavuja. Skrubu zake zimegongwa chuma ubavuni ili zisilegee, kwa hiyo kuzikaza kwa spana ya nyumbani na kuacha hivyo sio kutengeneza, zitalegea tena. Mpe fundi azifunge kwa nguvu inayotakiwa na azigonge upya. Na ule mrija wa gesi wenyewe usiuchokonoe, gesi inajisafishia njia, vile vijiti vya pamba vikikatikia humo umejiletea shida ambayo hukuwa nayo.

Mwisho springi ya bafa, ile ndefu ndani ya kitako. Kwa kitako kifupi cha karabaini inatakiwa iwe kati ya inchi 10 na moja ya kumi na sita mpaka 11 na robo, kwa kitako kirefu cha raifo kati ya 11 na robo tatu mpaka 13 na nusu. Imefupika, badilisha.

Ganda linabaki chembani, au linakwama kwenye dirisha la kutolea maganda limesimama wima

Hizi ni dalili mbili na watu wanazichanganya. Ganda likisimama wima limebanwa na bolti dirishani, lilitoka chembani ila halikurushwa, angalia ejekta. Ibonyeze kwa kitu cha mbao, inatakiwa iingie na kuruka nje yenyewe. Ikiwa nzito, vumbi la shaba limejaa humo. Weka matone ya dawa, bonyeza mara nyingi, futa, rudia mpaka iache kutoa uchafu. Kuing'oa ejekta kuna kipini cha kugonga na springi yenye nguvu nyuma yake, kama huna kile kibanio chake maalum mwachie fundi. Angalia pia kama umeirudisha bolti kinyume: ekstrakta iwe upande wa dirisha la kutolea maganda. Ikiwa upande wa pili, ganda linasukumwa ukutani.

Ganda likibaki chembani kabisa, sababu ya kwanza ni chemba chafu, na chemba haisafishwi na brashi ya mtutu, ina brashi yake pana zaidi yenye kola. Hapa nina jambo la kusema na watu wanaoniambia "hii bunduki haihitaji kusafishwa, imetengenezwa kijeshi". Maneno hayo yaliwahi kuua watu. M16, kaka yake AR-15, ilipelekwa Vietnam miaka ya katikati ya 1960 huku askari wengi wakiaminishwa kwamba inajisafisha yenyewe, vifaa vya kusafishia vikawa havitoshi, baruti ya risasi ikawa imebadilishwa, na chemba haikuwa na kromu. Maganda yakawa yanakwama chembani katikati ya mapigano na askari anasukuma kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu huku anapigwa risasi. Mwaka 1967 Bunge la Marekani likafanya uchunguzi. Chemba zikawekwa kromu, vifaa vya kusafishia na mafunzo vikapelekwa, na hali ikabadilika. Sehemu ya dawa ilikuwa brashi na oili kama hivi vilivyoko mezani kwako.

Sababu ya pili ni ekstrakta. Itoe kwa kusukuma kipini chake na ncha ya pini ya kugonga, safisha chini ya ukucha ambako shaba inajikusanya kuwa ngumu kama simenti, tazama ukingo wake kama umekatika. Springi yake upande mpana unakaa ndani ya ekstrakta, na ndani yake kuna kampira keusi, usikatupe ukidhani ni uchafu, nimeshuhudia kakifagiliwa na takataka.

Ganda likikwama sasa hivi na una uhakika wa asilimia mia ni tupu, lisukume kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu. Huna uhakika? Basi chukulia ni risasi nzima. Usiingize ufito, usigonge kitako chini, usisimame mbele. Muite msimamizi wa renji au fundi.

Bolti haifungi mpaka mwisho, inabakiza kidogo

Vile vile, magazini na oili kwanza, halafu chemba, halafu masizi nyuma ya meno ya mtutu ambako brashi ya kawaida haifiki. Kile kitufe cha ubavuni cha kusukumia bolti mbele usikipige ngumi. Risasi iliyokataa kuingia ina sababu, ukiilazimisha utashindwa kuitoa. Ivute, itazame, kama imebonyea au imekunjika shingo iweke pembeni.

Kama umenunua bolti nyingine ukaiweka kwenye mtutu wa zamani, au mmebadilishana na rafiki wakati wa kusafisha pamoja, hapo simama. Bolti na mtutu vinapimwa kwa pamoja, nafasi kati yao ikiwa ndogo mno haifungi, ikiwa kubwa mno inafunga vizuri tu halafu ganda linapasuka ndani. Ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu huioni. Fundi ana geji za kupima. Tukisafisha wawili mimi kila mtu na taulo lake.

Masizi mkiani mwa bolti hayatoki

Usikwangue kwa kisu wala kwa sandpepa. Loweka kwenye dawa usiku kucha, asubuhi tumia brashi ya nailoni au ya shaba. Kikibaki kirangi cheusi hapo mkiani hakina madhara, sehemu hiyo inajisafisha kwa gesi kila ukipiga, usiipotezee Jumapili yako. Tumia muda huo kuyatazama meno. Yako saba, na ekstrakta inakaa nafasi ya nane. Futa kila jino likauke, lete taa karibu, tafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye shina lake, hasa mawili yaliyopakana na ekstrakta, halafu zungusha utazame tundu la pini ya kamu maana bolti nyingi huanzia kupasuka hapo. Ukiona ufa bolti hiyo haichomelewi, haisuguliwi, haiuzwi kwa mtu mwingine. Nunua mpya, na fundi aipime na mtutu wako kabla hujaipigia risasi hata moja.